Mbwa mkali, kisu kikali, jua kali: jinsi maneno ya Kiingereza yanavyochagua wenzake

Mwalimu mkali. Mbwa mkali. Kisu kikali, pilipili kali, jua kali, baridi kali, maumivu makali, dawa kali. Mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili, awe wa Lamu au wa Kigoma, hakukaa darasani kufundishwa hata moja ya hizo, anazisema tu. Mpe sasa kijana wa kidato cha tatu azigeuze kwa Kiingereza. Mwalimu ni "strict", mbwa ni "fierce", kisu ni "sharp", pilipili ni "hot", jua ni "scorching", baridi ni "bitter", maumivu ni "severe", dawa ni "strong". Neno moja la Kiswahili limezaa manane, na hakuna hata moja kati ya hayo manane linalohamishwa ovyo. Ukisema "sharp teacher" utaeleweka, ila umemsifu mwalimu kwa wepesi wa akili. Ukisema "bitter medicine" umesema Kiingereza safi kabisa, lakini dawa hiyo ni chungu, si kali.

Huo ndio ugumu wenyewe wa msamiati wa Kiingereza, na shule zetu zimeupita pembeni kwa muda mrefu. Tazama daftari la msamiati la mwanafunzi yeyote wa sekondari. Mstari umepigwa katikati kwa rula; kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili. Heavy, zito. Big, kubwa. Reach, fika. Ukimuuliza, anakutajia maana ya kila neno bila kusita. Mwambie aandike insha, na usingizi mzito unageuka "heavy sleep", mvua kubwa inakuwa "big rain", ushahidi mzito unakuwa "heavy evidence". Sarufi haina kosa, tahajia haina kosa, na bado karatasi inarudi imejaa wino mwekundu. Akiuliza sababu anaambiwa, "Kwa Kiingereza hatusemi hivyo." Nani hasemi? Na mwalimu amejuaje? Maswali hayo mawili ni ya haki kabisa, na wapo watu waliotumia maisha yao kuyatafutia jibu lenye ushahidi.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kulishughulikia jambo hili kwa mpango alikuwa Mwingereza Harold Palmer, naye hakuifanyia kazi hiyo Uingereza bali Japani. Alikwenda Tokyo mwaka 1922 kuishauri Wizara ya Elimu, na mwaka uliofuata akashika uongozi wa taasisi mpya ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza. Palmer aliona kwamba kinachomkwamisha mwanafunzi mara nyingi si sarufi wala neno mojamoja. Ni vifungu vya maneno mawili, matatu au manne ambavyo lazima vijulikane kwa pamoja, kwa sababu huwezi kuvikisia kwa kujua maana ya kila kipande. Mwaka 1933 alitoa ripoti iliyoorodhesha maelfu ya vifungu vya aina hiyo. Mmoja wa wenzake katika kazi hiyo, A. S. Hornby, alisonga mbele na wenzake wawili hadi wakatunga kamusi ya wanafunzi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942. Oxford waliitoa upya mwaka 1948, na toleo baada ya toleo ndiyo inayojulikana leo kama Oxford Advanced Learner's Dictionary, ambayo walimu wengi wa Kiingereza wa Afrika Mashariki wameitegemea kwa vizazi.

Naliona jambo hili kuwa kubwa. Kamusi ya wanafunzi iliyoenea namna hiyo ilizaliwa Asia, kutokana na shida za watu ambao Kiingereza si lugha yao. Mwenye lugha hahitaji kuorodheshewa jozi za maneno. Alizinyonya na maziwa ya mama. Elimu hii ilitafutwa kwa ajili ya watu kama sisi, na ndiyo sababu inauma kuona bado haijafika kwenye madarasa yetu.

Huko London, J. R. Firth, aliyeshika kiti cha kwanza cha isimu ya jumla nchini Uingereza mwaka 1944, aliipa hoja hiyo mzizi wa kinadharia. Kwake yeye, sehemu ya maana ya neno imo katika maneno yanayozoea kukaa nalo. Mswahili hahitaji kushawishiwa sana kuhusu hili. Tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga chafya, tunapiga magoti, tunapiga marufuku. Mtu akitutaka tuseme kwa neno moja maana ya "piga", tutabaki tunatazamana. Maana inakamilika pale tu pasi, simu au kura inapotajwa. Mgeni akisema "fanya kura", sikio linakataa kabla akili haijapata sababu. Kiingereza nacho kina masikio ya namna hiyo hiyo: wanasema "make a mistake" lakini "do homework", "take a photo" lakini "pay attention", na hakuna mantiki ya kuipigia hesabu. Ni mazoea ya jamii, yaliyojengeka kwa karne nyingi.

Ila mazoea nayo yana shida yake. Palmer na Firth waliyategemea masikio na kumbukumbu, na kumbukumbu ya binadamu hushika la ajabu na kuachia la kawaida. Muulize msemaji yeyote ni neno gani hutokea mara nyingi zaidi baada ya neno fulani katika lugha yake mwenyewe, na jibu lake litakuwa la kubahatisha. Njia pekee ilikuwa kuhesabu. Wasomaji wa Biblia wanaijua kazi hiyo: itifaki, kile kitabu kinachokuonyesha kila mstari ambamo neno fulani limetajwa. Alexander Cruden alichapisha itifaki yake mashuhuri ya Biblia ya Kiingereza mwaka 1737 jijini London, akiwa ameikusanya kwa mkono. Kuifanyia kazi hiyo lugha nzima, pamoja na magazeti yake, riwaya zake na mazungumzo yake ya sokoni, kulihitaji mashine.

Mashine ilipopatikana, Henry Kučera na W. Nelson Francis wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walikusanya vipande 500 vya maandishi yaliyochapishwa nchini humo mwaka 1961, kila kimoja kikiwa na takriban maneno 2,000. Jumla ilifika maneno milioni moja. Mkusanyiko wa namna hii, uliopangwa ili uwakilishe lugha na kuchunguzwa kwa kompyuta, wanaisimu wetu huuita kongoo. Wengine husema kopasi. Milioni moja ilionekana nyingi mno wakati ule. Lakini karibu nusu ya maneno tofauti yaliyomo katika kongoo la Brown yalitokea mara moja tu, na neno lililotokea mara moja haliwezi kukuambia linapenda kukaa na nani.

Mapinduzi yalikuja Birmingham. Mwaka 1980 profesa John Sinclair wa chuo kikuu cha mji huo aliingia mkataba na wachapishaji Collins ili kutunga kamusi isiyoazima kutoka kamusi nyingine. Mradi ukaitwa COBUILD. Wahariri wake hawakuanza na kamusi za zamani mezani. Walianza na machapisho ya kompyuta, karatasi kwa karatasi, kila mstari ukiwa na neno lile lile katikati na maneno ya kushoto na kulia yakiwa yamekatwa pale ukurasa ulipoishia. Hadi kamusi ilipotoka mwaka 1987 mkusanyiko wao ulikuwa umefikia takriban maneno milioni 20. Mifano ya matumizi ilitoka kwa watu walioandika au kusema kweli, si kwa mhariri aliyejifungia ofisini akaitunga. Hata fasili ziliandikwa kwa sentensi kamili, ili neno linalofasiliwa lionekane likiwa na wenzake tangu mwanzo.

Sinclair alichokisoma katika karatasi hizo kilimfanya aitazame lugha upya. Shuleni tulifundishwa kwamba sarufi ni nafasi tupu na maneno ni vijazio: chagua nomino, chagua kitenzi, weka. Yeye aliona kwamba msemaji, kwa sehemu kubwa ya mazungumzo yake, hachagui neno mojamoja. Anachagua kifungu ambacho tayari kimekwisha kufungwa. Mfano wake maarufu ni maneno "naked eye", jicho tupu. Katika mistari aliyoichunguza, mbele ya maneno hayo karibu daima kuna "the"; mbele ya "the" kuna "to" au "with"; na mbele zaidi kuna neno la kuona, kama "see" au "visible". Hakuishia hapo. Ukirudi nyuma kidogo zaidi unakuta dalili ya ugumu: kitu ni kidogo mno, kiko mbali mno, kinaonekana kwa shida. Kwa hiyo mtu anapotamka "naked eye" amekwisha kuchukua kifungu kizima pamoja na hisia yake, kwamba kuona huku si kwepesi. Daftari lenye mstari katikati lina nafasi ya "naked, uchi" na "eye, jicho". Mengine yote yamebaki nje.

Hisia hiyo iliyojificha ndiyo inayonivutia kuliko kitu kingine chochote katika elimu hii. Chukua kitenzi "cause". Kamusi zetu zinasema ni kusababisha, na zinasema kweli. Lakini Michael Stubbs, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1995, alionyesha kwamba vitu vinavyotajwa baada ya "cause" kwa sehemu kubwa kabisa ni vya shari: matatizo, uharibifu, vifo, hofu. Kitenzi "provide" kinakwenda upande wa pili, na misaada, huduma na matunzo. Sasa mwanafunzi anayetaka kusema elimu huleta maendeleo anaandika "education causes development". Hakuna kanuni ya sarufi aliyoivunja, lakini ameyatia maendeleo katika kundi la mafuriko na kipindupindu. "Brings" au "leads to" ingemfaa.

Afrika ina mchango wake katika ugunduzi huu, nao hautajwi vya kutosha. Bill Louw, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe mjini Harare, alichapisha mwaka 1993 utafiti ambao wataalamu wa nchi nyingi wameujengea hoja zao. Alichunguza maneno kama "utterly" na "bent on" katika mistari ya kongoo na kuonyesha jinsi yanavyovuta mabaya: mtu huwa "bent on" kuharibu au kulipiza kisasi. Louw akaongeza jambo zito. Mwandishi akiliweka neno hilo mahali pa wema, msomaji atasikia ama kejeli iliyokusudiwa ama unafiki uliomponyoka mwandishi. Kwa anayejifunza lugha kuna uwezekano wa tatu, kwamba hajalikuta neno mara za kutosha kuijua tabia yake. Kiswahili nacho kina maneno ya aina hii. Rushwa imekithiri, ajali zimekithiri, uhalifu umekithiri. Mtu akiandika kwamba uaminifu umekithiri ofisini, tutasoma sentensi mara mbili kutafuta anachoficha.

Leo vyombo hivi havimo tena kwenye vyumba vya kompyuta vya vyuo vikuu peke yake. Waingereza walimaliza kongoo lao la taifa mwaka 1994 likiwa na maneno milioni 100, asilimia 10 yakiwa ya mazungumzo, baadhi yake yaliyonaswa na watu wa kawaida waliojitolea kutembea na vinasa sauti katika shughuli zao. Mwaka 2008 Mark Davies wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, alilifungua kongoo la Kiingereza cha Marekani linalojulikana kama COCA. Sasa lina maneno zaidi ya bilioni moja, kuanzia mwaka 1990 hadi 2019, yaliyogawanywa kwa aina: mazungumzo, riwaya, majarida, magazeti, maandishi ya kitaaluma, filamu na mengineyo. Kwa kujiandikisha tu, mtu mwenye simu na bando anaweza kuliuliza maswali bila malipo, ingawa kuna kikomo cha maswali kwa siku. Kwa anayeanza, kuna chombo chepesi zaidi kiitwacho SkELL, kilichotolewa mwaka 2014 na watu wa Sketch Engine, programu ambayo Adam Kilgarriff na mwenzake Pavel Rychlý waliitengeneza kwa ajili ya watunga kamusi. SkELL haihitaji hata kujiandikisha.

Andika humo "evidence", lile neno lililomponza kijana wetu. Chombo kinakupa mistari ya mifano, kisha kinakupangia marafiki wa neno kwa makundi: vivumishi vinavyolitangulia, vitenzi vinavyolichukua. Utakuta "strong evidence", "clear evidence", "scientific evidence". Utakuta ushahidi "hukusanywa" kwa "gather" na "hutolewa" kwa "provide" au "give". "Heavy" hulioni kwenye orodha, na sasa hakuna haja ya mwalimu kusema kwamba hatusemi hivyo. Mwanafunzi ameona kwa macho yake. Akitulia zaidi ataona jambo ambalo hakuliuliza: neno hilo halina "an" mbele yake wala "s" nyuma yake. Kosa la "evidences", ambalo tunalikuta kila siku kwenye ripoti za ofisi na tasnifu za vyuo, linajirekebisha lenyewe bila somo la nomino zisizohesabika.

Kila neno likitafutwa hivi, mtu atauliza, tutamaliza lini? Hapa hesabu inatupa faraja. Lugha haigawi kazi sawa kwa maneno yake. Katika kongoo la Brown, neno "the" peke yake lilichukua karibu asilimia 7 ya maneno yote. Michael West, aliyewahi kufundisha Bengal, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno takriban 2,000 ya Kiingereza yenye manufaa zaidi, na maneno hayo yamekuja kupimwa na kuonekana kwamba hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi mengi. Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza mwaka 2000 orodha ya jamii 570 za maneno ya kitaaluma, zinazobeba karibu asilimia 10 nyingine ya maandishi ya vyuoni. Mwanafunzi anayetaka kusoma biolojia, historia na uraia kwa Kiingereza anajua basi pa kuanzia.

Shule zetu nyingi huanzia upande wa pili. Tumewalea watoto wetu waamini kwamba Kiingereza kizuri ni maneno mazito, yale yanayoitwa vijiweni "bombastic", na wanafunzi hushindana kuyakariri ili washangiliwe kwenye midahalo. Nimesikia vijana wanaojua "plethora" na "quagmire" wakikwama kwenye "make" na "take". Maneno yale mawili madogo yana mamia ya jozi, yanatokea kila ukurasa, na ndiyo yanayomtambulisha msemaji kuwa mahiri au mgeni. Anayejua maneno 1,000 pamoja na marafiki wake atasema mengi kuliko anayejua 5,000 yaliyosimama pekepeke. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nchini Tanzania mtoto wa shule ya umma hutoka darasa la saba akiwa amefundishwa kwa Kiswahili, na ndani ya wiki chache anatakiwa kueleza mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwa Kiingereza. Muda wake ni mdogo mno kuutumia kwa "quagmire".

Lipo swali jingine ambalo si la ufundi. Kiingereza cha nani kimo ndani ya makongoo haya? Kama ushahidi wote unatoka London na California, basi tumebadilisha tu mtu wa kutuambia tusiseme hivi. Kwa bahati njema wapo waliolifikiria hili. Sidney Greenbaum alipoanzisha mpango wa kongoo la kimataifa la Kiingereza, sehemu ya Afrika Mashariki ilifanyiwa kazi na Josef Schmied, Mjerumani aliyekusanya maandishi na mazungumzo ya Kenya na Tanzania ya miaka ya 1990: habari za magazeti, vipindi vya redio, barua, maandishi ya wanafunzi. Na mwaka 2013 Davies alitoa kongoo jingine lenye maneno bilioni 1.9 kutoka tovuti za nchi 20, Kenya na Tanzania zikiwamo. Mtu anaweza kuliuliza neno moja na kuona linavyoishi Nairobi, Dar es Salaam, Lagos na Manchester.

Jaribu "dowry". Kamusi za Uingereza husema kwanza ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kutoka kwao. Kwa Kiingereza cha kwetu "pay dowry" ni kutoa mahari, na anayetoa ni upande wa bwana harusi. Sitakubali mtu aniambie hilo ni kosa. Ni neno la kigeni lililopewa kazi na jamii yenye desturi yake, na gazeti la Nairobi likiandika hivyo wasomaji wake wote wanaelewa nani anatoa ng'ombe. "Discuss about" ni kesi tofauti kidogo. Imeenea Afrika Mashariki na nje yake, pengine kwa kuwa sisi hujadili jambo au huzungumza juu ya jambo, na watu wanaelewana vizuri. Lakini msahihishaji wa mtihani na mhariri wa jarida la kimataifa watakukata. Mwanafunzi ana haki ya kuambiwa yote mawili waziwazi: hiki ndicho Kiingereza cha majirani zako, hiki ndicho kinachopimwa kwenye karatasi. Kongoo linamwezesha kuviona vyote bila kudharau kimoja.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya shule zenye maabara za kompyuta. Tim Johns, aliyefundisha wanafunzi wa kigeni Chuo Kikuu cha Birmingham na kuanzisha njia ya kumfanya mwanafunzi awe mtafiti wa lugha, aliwapa wanafunzi wake mistari iliyochapishwa kwenye karatasi. Mwalimu wa shule ya kata aliye na simu moja na ubao anaweza kufanya vivyo hivyo. Anatafuta mistari minne au mitano nyumbani, anaiandika ubaoni na kuacha pengo pale pale kwa kila mstari. Nitunge mfano kuonyesha umbo lake: "After six hours the two sides ____ an agreement." "The committee has not yet ____ a decision." "The brothers finally ____ a compromise." "The judges ____ the same conclusion." Neno ni moja kwa mistari yote. Mmoja atajaribu "made", ataona linakubali kwenye uamuzi na kukataa kwenye hitimisho. Mwingine atasema "got". Darasa litabishana hadi "reached" ipatikane, na mabishano hayo ndiyo masomo yenyewe, kwa sababu kila jaribio linalokataliwa linaacha alama kichwani.

Hapo hapo mwalimu aingize Kiswahili, na asiogope wakaguzi. "Reach an agreement" ni kufikia makubaliano. "Reach a decision" ni kufikia uamuzi. Lugha hizi mbili zimekutana, na mtoto anapaswa kujua kwamba hapa anaweza kuvuka bila woga. Kisha ampe "vunja". Kuvunja ahadi ni "break a promise", kuvunja sheria ni "break the law", kuvunja rekodi ni "break a record": salama. Kuvunja Bunge ni "dissolve parliament". Kuvunja mkutano ni "close the meeting". Hapo daraja limekatika. Daftari la msamiati linalofaa lingeonyesha wapi njia ni moja na wapi zinaachana, na hakuna mchapishaji wa London atakayelitunga. Wa kulitunga ni sisi, tunaozijua lugha zote mbili kwa ndani.

Ili tulitunge vizuri tunahitaji pia ushahidi wa upande wa Kiswahili. Kongoo la Kiswahili linalotajwa sana na watafiti lilijengwa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, chini ya Arvi Hurskainen. Toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25, mengi kutoka magazeti na vitabu vya kwetu. Namshukuru mzee huyo na wenzake kwa moyo wote. Lakini milioni 25 mbele ya bilioni moja ya COCA ni kidogo sana kwa lugha yenye wasemaji wengi kiasi hiki, yenye magazeti ya kila siku, mabunge yanayonakili mijadala yake na redio kila wilaya. Kumbukumbu rasmi za Bunge la Tanzania peke yake, zikipangwa na kufunguliwa kwa watafiti, zingetufundisha mengi kuhusu jinsi maneno yetu yanavyochagua wenzake. Vyuo vyetu vina wataalamu wa kutosha. Kinachokosekana ni mtu mwenye bajeti kuamua kwamba hii ni kazi ya maana kama ujenzi wa darasa.

Wakati tunasubiri, kazi ya ubaoni inaweza kuanza muhula huu. Jioni moja yenye mtandao mzuri inatosha kumpatia mwalimu mistari ya vitenzi kumi: make, take, give, have, reach, break, cause, provide, raise, meet. Aichague ile mifupi na isiyo na maneno magumu, ainakili kwenye daftari gumu, aandike tarehe na jina la kongoo alikoitoa. Mwalimu wa kidato cha pili alipokee daftari hilo kutoka kwa wa kidato cha kwanza, aongeze vitenzi vyake kumi. Mwanafunzi naye afute ule mstari wa katikati wa daftari lake na kuanza kuandika Kiingereza chake kwa vifungu: "heavy rain", "deep sleep", "strong evidence", "a strict teacher".